Kadi Iliyowasha Moto wa Chai

Mama,

Asubuhi nikichota majivu nimeona kona ya kadi yangu ya kliniki ya akili, haijaungua yote. Uliwashia nayo moto wa chai ya wamama wa maombi, wanaokuja leo kunitoa pepo. Hawatanipata. Nimeenda kliniki, Githongo. Muuguzi ananijua hata bila kadi.

Githeri ya wageni wako iko kwa sufuria, ongeza chumvi. Makena nimembeba mgongoni. ~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi nikitaka. Waambie wamuombee aliyechoma.

Kila mwezi mshauri huniuliza ni nani hapa nyumbani ananitia hofu mpaka nakosa usingizi, nami huangalia chini. Ni wewe, Mama. Leo nitakutaja.

Mke wa mwanao Kailemia