Nilimtuma Ben Akanunue Gari la Baba Mkwe

Bi Esha, nakusalimu kwa heshima na nakuomba unijibu mapema, kwa sababu Jumamosi hii kuna gari linafaa kuvutwa kutoka Kasikeu na mimi sijui kama nilipokee au nilikimbie.

Mimi ni fundi wa magari hapa Sultan Hamud, nina miaka arobaini na minne, nina mke, Kavindu, na watoto watatu, na gari lenyewe ni la baba mkwe wangu, Mzee Kitonga, Datsun ya milango miwili ya mwaka wa sabini na tatu, ile ya mbio yenye pua ndefu, ambayo mzee aliinunua ujanani kutoka kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa anahama, akaiendesha mpaka spea zikamshinda, na sasa ni miaka ishirini na sita iko kwenye kibanda nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Siku ya kwanza Kavindu aliponipeleka kwao nijulikane, niliona hilo gari kabla sijaona mtu wa kusalimia, na mpaka leo akitaka kunichokoza husema, "Wewe ulikuja kuoa Datsun, mimi nikatokea tu kwa mlango."

Mwezi uliopita nikasikia mzee anauza, na moyo ukaruka, kwa sababu nimeweka akiba miaka minne kwa ajili ya gari hilo huku Kavindu akidhani ni ya mashine ya kuchomelea, lakini sisi Wakamba hatubishani bei na baba mkwe, hata chai yake unaipokea umeinama, sasa nitamwambiaje kwamba gari lake limeoza apunguze? Tena fundi hanunui gari kuukuu bila kulala chini yake na tochi, nami siwezi kulala chali uani kwa wakwe, miguu nje, mama mkwe akipita na ndoo. Kwa hivyo nikamtuma Ben, ambaye nimemwajiri gereji, ajifanye mnunuzi.

Ben alienda Jumapili mchana, akavaa overoli yetu ya kazi, akalala chini ya gari nusu saa nzima, akarudi akaniambia, "Boss, floor imekulwa na kutu mpaka unaona kuku, lakini chesisi iko sawa na engine inazunguka na mkono." Alilitukana gari kama wanunuzi wanavyofanya, mzee akashuka bei bila ubishi mwingi, akapokea malipo ya mwanzo. Ningekuwa nafurahi hivi sasa, ila Ben alimwuliza kwa nini anauza baada ya miaka hiyo yote, naye mzee akajibu, "Niko na msichana amekaa kwa mtu miaka kumi na tisa, na hiyo mtu haijawahi leta hata mbuzi moja. Nataka nimjengee nyumba hapa nyumbani, siku akifukuzwa akuwe na mahali." Halafu akaongeza, "Kuja na hiyo pesa ingine Jumamosi. Lakini kifunguo nitapea mwenye gari akikuja mwenyewe."

Bi Esha, huyo mtu ni mimi. Wale mbuzi watatu wa ntheo, ambao bila wao kwetu mke hajawa mke, sijapeleka, kwa sababu mwaka wa kwanza kulikuwa na ukame, halafu ikaja karo, halafu gereji, na mzee hakunidai hata siku moja, nikadhani yameisha. Kavindu huwa hasemi kitu, ila mwaka jana akina mama wa kanisa walimchagua awe kiongozi wao akakataa, na pasta aliponiuliza sababu nikamwambia mke wangu ana haya. Sasa nikimaliza kulipa, pesa yangu ndiyo itamjengea mke wangu nyumba ya kuniacha, nisipolipa gari litaenda kwa mtu wa Nairobi ambaye naye analitaka, na nikilipa sibaki hata na bei ya mbuzi mmoja. Je, nikilichukua gari kwanza, halafu mbuzi waende mwakani baada ya mavuno, nitakuwa nimekosea? Mke wangu nampenda, lakini hilo gari pia nalipenda.

Nzioka, Sultan Hamud

BI ESHA ANAJIBU

Ndiyo, utakuwa umekosea. Ungeniuliza hilo kwa mstari mmoja ningekujibu kwa neno moja, lakini nimefurahi umeandika yote, kwa sababu umeandika na mambo ambayo wewe mwenyewe hukuyasoma.

Tuanze na hiyo overoli. Mimi nimezaliwa Mwingi, marehemu mume wangu alikuwa na lori, na sijawahi kuona gereji inayojiheshimu ambayo jina lake halijaandikwa mgongoni mwa overoli. Yako imeandikwa nini? Ben alitembea uani kwa baba mkwe wako na jina lako mgongoni, na wewe unaniambia umemficha mzee! Rudia maneno yake: kifunguo atapewa mwenye gari akija mwenyewe. Mzee anajua. Habari ya ile nyumba hakumpa Ben. Aliituma kwako, na Ben aliifikisha vizuri kuliko alivyofikisha pesa.

Nakuhurumia, kwa kweli. Kupenda kitu miaka kumi na tisa bila kukigusa si jambo dogo, na hiyo adabu yako ya kukataa kulala chali mbele ya mama mkwe nimeipenda sana. Lakini hebu fikiria, bwana. Umeona haya kuonyesha miguu kwa wakwe, hukuona haya kukaa na binti yao bila mbuzi. Mkwe akinyamaza hajakusamehe, anangoja kuona kama una akili. Na Kavindu hakuzuiwa na haya, pasta alidanganywa. Mwanamke huyo alikataa kusimama mbele ya wenzake kwa sababu hakutaka waulize ameolewa na nani na lini. Ule utani wa Datsun ameurudia miaka yote hiyo akingoja useme si kweli.

Sasa nisikilize. Majina nimeyabadilisha yote, lakini Datsun ya pua ndefu yenye kuku ndani ni moja tu huko kwenu, na gazeti hili linafika kwako Alhamisi alfajiri na Kasikeu saa nne. Kabla ya hapo uwe umeketi na Kavindu, umemwambia habari ya akiba, ya Ben, na maneno ya baba yake kama alivyoyasema. Atakasirika. Mwache akasirike, usijitetee, na usimtaje mtu wa Nairobi.

Kisha nenda kwa wazee wa kwenu leo hii, uwaombe radhi kwa kuwaaibisha, wakusaidie kuchagua mbuzi wa kununua kwa ile akiba. Wa ntheo hawawi mbuzi wagonjwa wa bei ya kutupa. Malipo ya mwanzo usiyadai. Kama mzee anataka kumjengea binti yake, ajenge, ni haki yake, na nyumba isiyohamiwa haijamdhuru mtu. Dawa ya deni ni kulipa, na hili lako halikuwa la gari.

Gari lenyewe limekaa na kuku miaka ishirini na sita, sakafu inazibwa, chesisi ni nzima, halitakufa mwaka huu. Likienda Nairobi, limeenda, utalia kidogo na utapona. Likibaki, siku moja utamwambia mzee kwa mdomo wako kwamba unalitaka, naye atakutajia bei, nawe utailipa bila kuipunguza.

Jumamosi nenda Kasikeu kama ulivyopanga, na wazee wako na mbuzi watatu, na Kavindu akiwa mbele. Ukifika usitupe jicho kule kibandani, hata kuku wakipiga kelele. Mzee atakuwa anaangalia macho yako yanaenda wapi, na binti yake pia. Safari hii anza kwa kusalimia watu.