Harufu Tamu Iliyokataa Kutoka

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepona, na wale wanaume wa kambini unaowapikia wamejifunza kusema asante kabla ya kuomba kuongezewa chakula. Sisi huku, nikisema hatujambo nitakuwa nimesema nusu. Wacha niseme tupo. Mama anauliza kama lile koti la baridi linakutosha, na kama halikutoshi ulirudishe nilipanue, usiligawe kama ulivyogawa lile la kwanza.

Najua huko simu haishiki, na lori la vyakula ndilo litakalokuletea karatasi hizi. Najua pia tabia yako ya kuruka hadi ukurasa wa mwisho kutafuta nani kafa na nani kaoa. Safari hii nakuomba, dada, usiruke. Mwenzio nimepata mshtuko ambao mpaka leo haujanitoka. Naketi kushona, nafika katikati ya mshono, nasahau nilikuwa nashona nini. Mimi huyu, mliyenipa jina la Cherehani kwa sababu mdomo wangu haujui kusimama, kuna siku mbili nzima sikuwa na la kusema. Basi fuata mistari kama nilivyoipanga.

Mambo yalianza na manukato. Usicheke. Kitinda wetu alirudi siku moja kutoka madukani na chupa nyeusi yenye picha ya farasi anayekimbia. Ukiitazama unadhani ndani kuna moshi wa bunduki. Alipojipulizia, karakana nzima ikanukia keki. Si ua, si mti, si limau: keki, dada, ile inayotolewa ndani ya oveni sasa hivi, yenye vanila na sukari iliyoungua kidogo, na nyuma yake kitu kama maziwa ya kopo. Nilinyanyuka kwenye kiti changu nikaenda kuangalia nani kaleta vitafunio. Kumbe ni mdogo wetu, mtu mzima na ndevu zake, kasimama katikati ya makochi anatabasamu.

Baba alipigwa na butwaa. Aliweka nyundo chini akamuuliza kama amegongana na muuza keki njiani. Kitinda akajibu kwa adabu kwamba hayo ndiyo manukato ya wanaume siku hizi, na muuzaji amemhakikishia. Baba akasema mwanamume hunukia sabuni asubuhi na kazi jioni, na hakuna kazi duniani inayomwacha mtu akinukia pipi. Mama, aliyekuwa amekuja na chai, akamkumbusha taratibu kwamba waoka mikate nao ni wanaume. Baba aliichukua chai akanywa bila kusema asante.

Tangu siku hiyo tukagawanyika. Fundi wetu mkongwe, yule tuliyemwita Msasa kwa ulaini wa maneno yake, alisema tuache kubishana, tusubiri nzi waamue. Kinyozi wa mlango wa pili akawa upande wa Kitinda, akadai wateja wake vijana hawataki tena yale manukato makali ya zamani yanayochoma pua kama spiriti. Mama alisema afadhali mtoto anayenukia keki kuliko wanaonuka kama beberu halafu wanajiita madume. Mimi nilikuwa vuguvugu. Asubuhi niliipenda, lakini ikifika mchana, imechanganyika na vanishi na gundi, ilinitia njaa na kichefuchefu kwa pamoja. Kitinda mwenyewe hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba amechoka kunuka thina tangu alipomaliza shule, na angependa kitu kimoja mwilini mwake kiwe kitamu.

Kilichoharibu ni kochi la mwalimu mkuu mstaafu. Unajua sponji ilivyo, haisahau harufu. Kitinda ndiye aliyelikumbatia kulibeba, ndiye aliyelitia sponji na kulivalisha kitambaa. Kochi likapelekwa, na haikupita wiki likarudi, na mwalimu mwenyewe nyuma yake akiwa amenuna. Alisema hana neno na ufundi, mishono imenyooka, lakini wajukuu zake wanalilamba kochi mikononi. Wanalilamba, dada! Msasa alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliomba radhi kwa mwalimu kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akiomba radhi, kisha akaingia ndani, akaitoa ile chupa ya farasi, akaimwaga yote kwenye mtaro wa nyuma mbele ya macho ya Kitinda mwenyewe. Uchochoro ulinukia kiwanda cha biskuti kwa siku kadhaa. Kitinda alisema sawa Baba, akarudi kwenye kazi yake.

Nilidhani yameisha. Lakini baada ya wiki chache harufu ikarudi.

Wewe uliondoka hujawahi kuvuta kitambaa na Baba, kwa hiyo nikueleze. Kitambaa kizito cha kochi huvutwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, wameinama uso kwa uso mpaka pumzi zinagongana, misumari midogo wameishika kwa midomo. Siku zote Baba huvuta na Kitinda. Basi asubuhi moja Baba akaacha upande wake ghafla, kitambaa kikalegea, akauliza hiyo chupa nyingine kaificha wapi. Kitinda akatoa misumari mdomoni, akasema hana chupa. Baba akasema pua yake haijafa. Na kweli, nami nilisogea nikaisikia. Haikuwa keki tena, ilikuwa kama tunda lililoiva likapitiliza, tamu tamu yenye ukali kidogo kwa mbali. Nikajua kanunua ya bei rahisi zaidi. Nikamwambia mbele ya watu aache uongo, asimtie Baba presha kwa sababu ya maji ya kujipuliza. Aliniangalia, dada.

Alikuwa amebadilika, na sote tuliona. Alikonda. Suruali zake nilizipunguza kiuno mimi mwenyewe, mara ya kwanza nikamtania kwamba huyo binti anayemkondesha atakuwa mzuri sana, mara ya pili nikamwambia mapenzi yatammaliza. Maji alikuwa anakunywa kama shimo, lile dumu la karakana likawa halifiki mchana, na kila mara yuko njiani kwenda chooni. Msasa alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, kijana ana mchumba na manukato ni ya mchumba. Akisinzia kazini tulisema anakesha kwenye simu. Kila dalili tuliipatia jibu lake, na majibu yetu yote yalikuwa ya kuchekesha. Mama peke yake ndiye aliyenung'unika kwamba mtoto hali vizuri, na Baba akamgeukia yeye, akamshuku kwamba ndiye anayemnunulia chupa za siri kwa sababu alimtetea tangu mwanzo. Mama alilia siku ile. Watu waliozeeka pamoja, wakanuniana kwa ajili ya harufu!

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Kitinda alifika kazini kachelewa, macho yamezama, anahema kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Akajaribu kushika upande wake wa kitambaa. Baba alipoinama, ile harufu ikamjaa usoni kuliko siku zote, na wakati huohuo mwalimu mkuu alikuwa ameketi pale akisubiri kochi lake lililotiwa sponji mpya. Baba akapandwa na hasira. Alimshika mkono mtoto wake akampeleka kwenye bomba la uani, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia na brashi tunayosugulia mbao, akaanza kumsugua shingo. Alimsugua shingo, kifua, mikono, akisema leo itatoka, leo itatoka. Kitinda hakujitetea. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kwamba hajapaka kitu. Baba akanusa, harufu ipo. Akasugua tena, akanusa, ipo. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika mkasi, na Mungu anisamehe, niliona aibu mbele ya mwalimu kuliko nilivyomwonea huruma mdogo wangu. Halafu Kitinda akatapika, akaanguka palepale kwenye maji ya sabuni.

Hatukuwa na muda wa kutafuta gari la maana. Kochi la mwalimu lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu, tukamlaza juu yake, na mwalimu mwenyewe akapanda nyuma kumshika kichwa. Baba hakuacha kusema njia nzima kwamba ni hila, ni hila ya kijana anayekwepa adabu, na mikono yake bado ina povu.

Hospitali walitupokea haraka. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye mikono myepesi, alimwinamia Kitinda, na Baba, dada, Baba yetu huyu anayechunga heshima, akaona aombe radhi. Akamwambia muuguzi amsamehe kijana kwa hayo manukato, kwamba amemkataza nyumbani lakini kijana hasikii, na leo hii amemwosha kwa mikono yake ila hayatoki. Yule mama akatulia. Akasogeza pua yake mpaka kwenye midomo ya Kitinda, akaivuta ile hewa, kisha akamgeukia Baba akamwambia kwamba mtoto huyu hajapaka kitu. Harufu hiyo inatoka ndani. Ni pumzi yake.

Walimchoma kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kimashine chao, na kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba imezidi. Ni sukari, dada. Daktari alitueleza baadaye kwamba mwili wa Kitinda ulikuwa umeshindwa kuitumia sukari, hivyo ukawa unayachoma mafuta yake wenyewe, na sumu ya kuchoma huko ndiyo inayotoka kinywani ikinukia tunda. Kiu, kukonda, choo, usingizi, vyote vilikuwa ni hiyo hiyo. Akasema tungemwacha alale nyumbani siku hiyo asingeamka. Akauliza ilikuwaje watu wanaofanya naye kazi pua kwa pua wasiisikie. Tungemwambiaje kwamba tuliisikia, tena vizuri sana, na ndiyo tuliyokuwa tukimwadhibia?

Sijui kama naweza kukueleza vizuri. Mdogo wetu alikuwa anakufa mbele yetu, na sisi tunamwambia aache kunukia. Baba alisimama pale anazitazama kucha zake zenye sabuni, kisha akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta kakaa kwenye kochi la mwalimu juu ya pikapu, mwalimu yuko pembeni yake.

Siku mbili hatukujua kama Kitinda atabaki hai. Mama hakuondoka kando ya kitanda chake. Siku ya tatu asubuhi Kitinda alifumbua macho, akaomba maji, halafu akamuuliza Mama kama Baba bado amekasirika. Mama akasema hapana. Sasa vuta pumzi, dada: Kitinda yu hai. Amerudi nyumbani, amenenepa kidogo, suruali zake nimezifungua mishono yote niliyozipunguzia. Atachoma sindano kila siku maisha yake yote, na anazichoma mwenyewe tumboni bila kukunja uso, mimi ndiye ninayegeukia ukutani. Ameniruhusu nimtanie tena. Nilipomwomba msamaha alisema mdomo wangu anaujua tangu azaliwe, hauwezi kumuua wakati sukari imeshindwa.

Baba hajaomba msamaha. Unamjua. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuvuta kitambaa, anamwita Kitinda, anainamisha uso wake mbele ya uso wa mwanawe, karibu kabisa, mbele ya wateja, mbele ya Msasa na yeyote aliyepo, na anamwambia apumue. Kitinda anapumua. Baba anafumba macho anainusa ile pumzi polepole. Asiposikia kitu anasema haya, kazi, na ndipo wanatia misumari midomoni.

Mama anakusalimu sana, anasema ule na wewe, usiwe mpishi anayelala na njaa. Msasa anakusalimu, na kinyozi pia. Kitinda anakusalimu na kuomba usimwonee huruma, umletee soksi nzito tu za huko kambini, kwa sababu daktari kasema atunze miguu. Nilimuuliza Baba niandike salamu gani kutoka kwake. Nikadhani hakunisikia, nikawa nakunja karatasi. Akanishika mkono. Akasema nikuandikie kwamba mdogo wako alikuwa anasema kweli. Akaniambia niandike hivyo hivyo, nisiongeze neno, halafu nimsomee asikie kama nimeandika.

Nimemsomea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Cherehani