Kona Iliyomuua Kiema

Salama, 14 Agosti 1978

Shemeji Mbinya,

Mbaazi zimekomaa huku, na gunia lako nimeliweka kando.

Kabla ya mashindano ya magari, Kiema alilalamika kwamba gari linateleza upande wa nyuma kwenye kona. Nikamjibu, "Ni mguu wako. Unautoa kwenye mafuta katikati ya kona." Lakini mimi nilikuwa nimeongeza springi za nyuma, kama tunavyofanyia pikapu za mchanga, na gari lake halikubeba mzigo wowote wa kuyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike barabara.

Juzi nilipeleka gari lake la mazoezi, lenye springi hizo hizo, kwenye kona ile. Sikutoa mguu. Likazunguka.

Mazishini walisema haraka zake zilimuua. Mimi niliendelea kufukia kaburi kwa jembe.

Watoto wakiuliza, waambie baba yao alijua kuendesha.

Ndugu yake, na fundi wake,
Muthama