Saumu Isiyouma

Mchafukoge, 6 Ramadhani

Mwanangu Wafa,

Assalaam aleikum. Mimi mzima alhamdulillahi, na nyumbani wote wazima. Wewe hujambo? Joto la Maskati limeshaanza? Nakuandikia kwenye simu kwa sababu unajua sipendi kupigiwa nikiwa dukani. Wateja wa mabuibui wana masikio. Ukisema jambo leo hapa, kesho wanalo Kariakoo nzima.

Nina habari. Mwaka huu saumu hainiumi. Wallahi tena! Mimi niliyekuwa nikifika alasiri nalalia majora ya vitambaa, sasa nauza mpaka magharibi nimesimama. Siri yake kahawa. Hii kahawa ya kupunguza mwili, ya pakiti ya kijani, imejaa Kariakoo. Nilinunua ili gauni la harusi ya mdogo wako Khairunnisa linikae vizuri, nikaona niijaribu daku. Watu wanakunywa pakiti moja asubuhi. Mimi nikasema siku nzima bila kula, moja itafika wapi? Nakunywa mbili. Mdomo unakauka, lakini tumbo kimya.

Basi nimeifanya sadaka, nawagawia wanawake wenzangu wa darasa la dini. Zamda na presha yake, kila mwaka hubaki na siku za kulipa, ananiambia, "Dada Hamdiya, mwaka huu namaliza mwezi." Wakiniuliza imekuwaje nawaambia ni nia. Nia ikisafika, mwili unatii.

Usingizi ndio umepungua, na moyo unanidunda kama nimepanda ngazi. Zamda naye vivyo hivyo. Tumesema ni ibada.

Ismail wa duka la jirani anakuja huko Jumapili. Nimempa visheti vyako na pakiti kumi za kahawa. Huko maabara mnakopima vyakula na dawa mnashinda mmesimama, itakufaa.

Mamako,
Hamdiya

*

Maskati, 12 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi sijambo, joto ndiyo limeanza. Ismail kanifikishia mzigo na visheti nimevila vyote peke yangu, sikumpa mtu.

Kahawa sijainywa. Mama, kahawa ya kawaida haiwezi kunyamazisha tumbo saa kumi na tatu. Njaa haiondoki hivi hivi, kuna kitu kinaiziba. Na huko kudunda kwa moyo sikupendi hata kidogo. Naomba niipime kwanza. Mpaka nikujibu, acheni, wewe na Bi Zamda. Huyo hasa. Nakupigia magoti.

Umepima presha lini?

Mwanao,
Wafa

*

Mchafukoge, 14 Ramadhani

Wafa mwanangu,

Waaleikum salaam. Tuko wazima, harusi inakaribia, Khairunnisa hashikiki.

Haya, umesoma, sikatai. Nilikusomesha mwenyewe kwa mabuibui haya haya. Lakini siku hizi kila mtu akisoma anaona sumu mpaka kwenye maji ya kunywa! Siku kumi na nne nakunywa na sijafa. Jana ustadhi kanitaja mbele ya darasa, kasema tazameni Bi Hamdiya, hivyo ndivyo saumu inavyompendeza mja. Unajua tangu baba yako atutoke ni lini mtu alinisifu mimi mbele ya watu?

Nikiacha leo nikaanza kusinzia dukani, nitawaambia nia imeniisha?

Presha sijapima. Sina presha mimi. Pima kahawa yako, tutazungumza.

Mamako

*

Maskati, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekupigia mara tatu asubuhi hii, hupokei. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Nimeipima mara mbili, na mwenzangu akaipima tena bila kuambiwa ni ya nani. Ndani yake kuna dawa inaitwa sibutramini. Haitoki kwenye mmea wowote. Ni kichangamshi cha kutengenezwa, zamani kiliuzwa kama dawa ya unene, kisha nchi nyingi zikakiondoa sokoni kwa sababu ya mioyo ya watu na viharusi. Kwenye pakiti hakikuandikwa. Waliochanganya wanajua kwa nini.

Nakueleza inavyofanya kazi, maana wewe hukubali jambo usilolielewa. Mishipa ya fahamu inapelekeana habari kwa kemikali. Kemikali ikishapeleka habari, inarudishwa ndani, mwili unatulia. Dawa hii inazuia isirudishwe. Ni kama mteja aliyekwisha kununua, lakini umemfungia mlango asitoke, na wengine wanaingia. Duka linajaa kelele. Ubongo unaambiwa umeshiba wakati hujala. Moyo unaambiwa kimbia wakati umekaa. Mishipa ya damu inabana, presha inapanda, mdomo unakauka, usingizi unakimbia. Hayo yote umeniandikia mwenyewe, Mama, moja baada ya jingine.

Tena ini halikiui kichangamshi hiki upesi. Linakigeuza kuwa vitu viwili vyenye nguvu kuliko chenyewe, na hivyo hukaa mwilini zaidi ya nusu siku. Ndiyo maana ukinywa daku kinakufikisha magharibi. Kesho yake unaongeza mbili juu ya mabaki ya jana.

Kwa mtu mwenye presha kama Bi Zamda, hii si kahawa. Mwambie leo, kabla ya magharibi. Aache, aende hospitali, vidonge vyake vya presha asiviache. Nawe ukapime. Pakiti zilizobaki usizitupe, zipelekwe kwa wakaguzi wa dawa.

Najua nakuomba nini. Nakuomba usimame mbele ya wale waliokusifu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwanao akupendaye,
Wafa

*

Maskati, 2 Aprili

Mama, shikamoo, na Idd Mubarak ingawa imepita.

Wiki mbili hujaniandikia. Khairunnisa anasema u mzima, unakwenda dukani, ila jina langu likitajwa unainuka. Hataki kunieleza zaidi, anasema wewe ndiye wa kuniambia.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Kuhusu kahawa sitaomba msamaha.

Wafa

*

Mchafukoge, 9 Shawwal

Mwanangu Wafa,

Assalaam aleikum. Hujambo mama? Mimi nimo, nashukuru. Hukunikosea kitu. Nilikuwa naona haya hata kuishika simu.

Barua yako niliisoma Alhamisi ile ile. Niliielewa yote, mfano wako wa duka umenitia baridi. Mimi niliacha siku hiyo hiyo. Zamda sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho. Kesho yake nikamkuta darasani ananitazama kwa macho yale ya kunitukuza, nikasema kesho.

Jumamosi, kabla ya alasiri, akaanguka darasani. Mdomo umeenda upande.

Hospitali daktari akamuuliza anatumia dawa gani. Ulimi mzito, akajibu vidonge vya presha tu, kisha akanigeukia mimi, nithibitishe. Hapo ndipo nilipotoa simu nikaisoma barua yako kwa sauti, yote, mpaka lile jina nililolivunja vipande vipande. Daktari akaandika. Nilipomaliza, Zamda akaniuliza, "Kwa hiyo dada, mimi nilifunga au sikufunga?"

Nililia mbele ya wagonjwa.

Ameshatoka, mdomo umerudi, mkono wa kushoto bado unachelewa. Daktari anasema tumewahi. Mimi nimepimwa, presha ninayo, tena ya siku nyingi. Wanawake wote nimewaambia, mmoja mmoja, na mbele ya darasa pia. Wengine wamenisamehe, wengine wamehamia darasa jingine. Pakiti nimezipeleka kwa wakaguzi mwenyewe. Ustadhi amesema kwa sisi tuliokuwa hatujui, Mungu ni mwingi wa rehema. Lakini mimi tangu Alhamisi nilikuwa najua, Wafa. Hilo nalibeba mwenyewe.

Gauni la harusi limenibana, fundi Candida atafungua mishono.

Leo nimeanza Sitta, zile siku sita za Shawwal. Daku nimekula wali wa jana na chai. Saa saba mchana tumbo likaunguruma, mteja akageuka kutazama. Saa tisa kichwa kikaniuma. Saa kumi nikalalia majora yangu, mate yamekauka, namuwaza muuza mihogo wa pale kona kama mchumba. Nina njaa, mwanangu! Njaa kweli kweli. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Zamda amekatazwa kufunga, lakini amekuja kunifuturisha. Kaja kwa miguu kutoka Msimbazi, taratibu, uji wa pilipili manga kaushika kwa mkono wa kulia. Amekaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama ninavyoteseka, anacheka. Ananiambia, "Leo sasa nakuona umefunga."

Adhana hiyo. Naweka simu nipokee uji, maana mkono wake umeanza kuchoka.

Mamako,
Hamdiya