Tundu Ulilotoboa Kushoto

Ndahani, mtani wangu,

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe. Sisi Wanyamwezi tuna ruhusa ya kumgombeza Mgogo hata akiwa kaburini. Pale Mvumi, siku ya mazishi yako, niliwaambia ndugu zako umekimbia kuandika tasnifu, mama yako akacheka huku analia. Leo sitanii.

Kazi yetu wanaitupa.

Unakumbuka tulivyowaziba panya wachanga sikio la kushoto, tuone nyuzi za neva za sikio lile zitakuwaje kwenye shina la ubongo, pale zinapovuka kwenda kulia. Kipande cha ubongo kikishakatwa na kuelea majini, huwezi kujua upande upi ni upi, ndiyo maana mtu hutoboa tundu dogo la sindano upande mmoja, liwe alama. Maabara nzima hutoboa kulia. Wewe, mashoto, ukatoboa kushoto! Na hukumwambia mtu ila mimi.

Basi msimamizi wetu amevisoma vipande vyako akidhani tundu liko kulia. Nyuzi zilizodhoofika zikaonekana upande usiopaswa. Akasema marehemu aliziba sikio silo. Nilipomweleza, akanitazama kwa huruma: "Kabula, unageuza kushoto iwe kulia ili majibu yakae sawa?"

Kinachoniuma ni kwamba ana haki ya kuuliza. Ningekuwa yeye ningeuliza vilevile. Nilitoka nikaenda kulia chooni kwa hasira, maana shahidi wangu pekee ni wewe, na wewe umejilalia zako.

Hakuna tena wa kuniita mpagazi nikibeba magunia ya chakula cha panya. Hakuna wa kuniletea mlenda kwenye kopo na kunisimamia mpaka nimalize. Ulikuwa unawapigia panya mluzi ukidai unawapima masikio. Uongo mtupu, ulikuwa unawapenda tu. Nami nakukumbuka mpaka nachoka, Ndahani.

Panya mmoja jike amezaa juzi. Watoto wake bado viziwi, masikio hayajafunguka. Nimeomba kuanza kazi yote upya, na wamenikubalia shingo upande. Safari hii kila tundu nitalitoboa msimamizi akiwa amesimama hapo hapo. Majibu yakitoka, jina lako litatangulia langu. Wakilifuta, walifute na langu.

Pumzika, mbishi wewe. Sijakusamehe bado.

Mtani wako,
Kabula