Gari la Aden na Jina la Hamisi

Msambweni, Jumatano, Novemba 1956

Mvua ya vuli ilianza alfajiri na sasa imekatika, ila makuti bado yanadondosha. Kanzu yangu imejaa matope ya Likoni na sijaibadilisha. Nimejifungia chumbani. Leo sina uso wa kukaa na watu.

Gari halitatengenezwa. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo jepesi kuandika.

Asubuhi nilivuka tena kwenda Mombasa, kwenye gereji ya wakala wa kampuni ya gari langu. Karani aliponiona mlangoni aliinama kwenye meza yake kama mtu atafutaye sindano. Safari ya kwanza baada ya harusi aliniambia mkubwa wao yuko Nairobi. Safari iliyofuata mkubwa alikuwapo, lakini fundi wa giaboksi alikuwa mgonjwa. Leo walikuwapo wote, na giaboksi ya gari langu ilikuwa imefunguliwa juu ya gunia, meno yake nje, kama samaki aliyepasuliwa.

Mkubwa wao, mzungu mpole, alinionyesha kwa kidole mahali chuma kilipopasuka. Akasema maneno mengi. Karani akayafupisha: "Si kosa la dereva, Bwana Salimu. Gari limetoka kiwandani na ugonjwa wake."

Nikatoa cheti cha dhamana. Karani hakukikunjua hata.

"Hii ni dhamana ya Aden. Ulinunua Aden, basi wa Aden ndio wa kukutengenezea."

"Lakini jina ni lile lile! Si lile pale juu ya mlango wenu?"

"Jina moja, bwana. Nyumba mbalimbali."

Ama nilirudishe gari Aden kwa meli, ama niwaandikie wauzaji wakubali kwanza, kisha kifaa kiagizwe Uingereza. Na Mfereji wa Suez umefungwa kwa vita, meli zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, hakuna awezaye kuniahidi mwezi. Likizo yangu itakwisha gari likiwa bado juu ya magogo gerejini kwao. Siku nyingine ningepiga kelele. Leo nilitia cheti mfukoni, nikasema ahsante.

Maana yale maneno, si kosa la dereva, yalikuwa yamekwisha kunimaliza.

Na si kwamba yalikuwa mageni kwangu.

Nilijua.

Nimekuwa karani wa bandari kule Aden miaka mingi, na nilirudi kumwoza ndugu yetu Mwanasha. Nilirudi na gari jipya, la buluu, likateremshwa melini watu wakitazama. Hapa Msambweni wazee walikuja kulipapasa kama wanavyompapasa ng'ombe wa mahari, nami nikasimama kando na funguo kidoleni. Sikumwambia mtu kwamba tangu njiani kutoka Likoni gia ya tatu ilikuwa ikichomoka yenyewe, na kwamba niliishikilia kwa mkono hadi nyumbani.

Kabla ya harusi nilimdanganya mama kwamba nakwenda kununua marashi, nikaenda gereji. Wakaniambia niliache walichunguze. Nikakataa. Bibi harusi aende kwa mumewe katika gari la kukodi, na kakaye ana lake? Nilikwisha kulitangaza.

Siku moja kabla ya harusi mdogo wangu Hamisi aliniomba alipeleke Gazi kuchukua masufuria ya kupikia. Hamisi ni dereva wa haki. Alijifunza kwenye matrekta ya mashamba ya miwa, ana leseni, na aliliendesha gari langu kama aliyepakia mayai. Aliporudi alisema, "Kaka, gia ya tatu haikai." Nikamwambia hajalizoea.

Siku ya harusi tulikaribia Mwabungo, kwa kina bwana harusi, gari likatoa mlio wa kusaga mawe na kukwama katikati ya barabara. Mwanasha alikuwa ndani na somo yake, kungwi aliyemfunda. Watu wa kule walikuwa wamekwisha kutoka kutupokea, ngoma ikanyamaza. Wanawake wakamteremsha bibi harusi, wakamzungushia leso wasimwone watu, wakamtembeza kwenye matope na viatu vyake mkononi. Namwona hata sasa.

Mzee Kassimu, ami yake bwana harusi, akanisogelea. Aliniuliza kwa upole, "Kulikoni, mwanangu? Si gari jipya hili?"

Nami nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie: "Muulizeni Hamisi. Jana nilimwachia, ameniharibia gia."

Hamisi alikuwa nyuma akisukuma. Akanitazama, akatazama chini. Mdogo hamkanushi mkubwa wake mbele ya wakwe, nami nilijua hatanikanusha. Hilo ndilo lililonipa ujasiri.

Kibaya zaidi, Mzee Kassimu ana lori linalopeleka nazi na mbata Likoni. Alikuwa amemwahidi Hamisi usukani baada ya harusi. Tangu siku ile hakuleta neno, na Hamisi hakuuliza.

Kwa hiyo leo nilipovuka kurudi nilipanda basi nikateremka Mwabungo. Nilimkuta mzee barazani kwake, peke yake, mvua ikinyesha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Gari limepona?"

Nikamwambia yote. Kwamba gari lilikuja bovu, kwamba nililijua bovu, kwamba Hamisi hakuharibu kitu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akavuta pumzi.

"Lori nimekwisha kumpa mtu. Nimempa mkono, na mkono wangu siuvuti."

Nikasema naelewa.

"Jingine nikwambie. Siku ile ulisema mbele ya halaiki. Leo umekuja kunong'ona na mzee mmoja."

Alinipa kahawa, nikainywa, nikaondoka.

Nyumbani Hamisi alikuwa uani akifua nazi. Nilimweleza nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Alisikiliza huku mikono ikifanya kazi, nazi baada ya nazi, hadi nilipofika kwa Mzee Kassimu na lori. Hapo akaacha.

"Siku ile pale barabarani, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi."

Akachukua nazi nyingine. Nikamsihi aseme lolote, hata anitukane.

"Nikutukane kwa nini, kaka? Mimi nilikuamini. Uliposema ni mimi, nikaona labda kweli ni mimi. Tangu siku ile ninalala nikikumbuka kila gia niliyoitia kutoka Gazi, nikitafuta nilipokosea."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikayalainisha baadaye.

Nilidhani nimemnyang'anya jina mbele ya watu tu. Kumbe nilimnyang'anya hata imani aliyokuwa nayo na mikono yake mwenyewe.

Ijumaa nitakwenda kuswali Mwabungo. Baada ya sala nitaomba nafasi nisimame, niseme mbele ya wale wale waliosikia. Lori halitarudi, na huenda wakwe zetu wakanidharau, na Mwanasha akaona haya kwa ajili yangu. Na waone. Gari likae huko juu ya magogo, sitalifuata tena likizo hii.

Mama ameita chakula. Nawaona kupitia mwanya wa mlango. Hamisi amekwisha kunawa, amekaa mbele ya sinia na wali unafuka moshi. Hajagusa kitu. Ananingoja mimi, kwa kuwa mkubwa ndiye anayeanza.

Nitaunyoosha vipi mkono wangu pale?