Sampuli ya Ming'oko Iliyoandikwa Haikupokelewa

Mfaranyaki, Songea
14 Julai

Kwako Dada Shakila,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mikorosho imeanza kutoa maua. Mimi kwa rehema za Mwenyezi Mungu sijambo, ila kifua tu, na baridi ya Songea unaijua. Uliniuliza kwenye simu mkutano wa chama ulikwendaje, nikajifanya mtandao unakatika. Haukukatika.

Mwaka huu zamu ya kupokea mkutano mkuu wa Chama cha Watafiti wa Mimea ilituangukia sisi wa Kanda ya Kusini. Walikuja watu sitini na wawili, na kwa siku tatu walibishana juu ya majani. Ungecheka: watu wazima wenye mvi wananyang'anyana kioo cha kukuzia.

Nikueleze utaratibu, maana ndio uliokuhukumu. Makala ikifika, jina la mwandishi hufutwa, kisha wanapewa wasomaji wawili ambao nao hawatajwi. Wakipingana anatafutwa wa tatu. Lakini mmea unaoandikwa lazima tawi lake likaushwe, libandikwe kwenye karatasi, lipewe namba na kuhifadhiwa kwenye kabati la kanda. Bila namba hiyo, hata uandike vizuri namna gani, ni maneno matupu. Mtunza kabati wa kanda yetu ni mimi, na najua unavyonisifia kwa majirani.

Makala yako ya ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochipua kabla ya mvua, wasomaji wote wawili waliipenda. Mmoja aliandika kwamba hajaona mtu aliyewauliza kina mama wachimbaji maswali mazuri kama yale. Kisha mhariri akauliza kabatini namba ya sampuli, akajibiwa haikupokelewa. Makala ikarudishwa.

Siku ya tatu jina lako lilisomwa kwenye orodha ya wanaoomba uanachama. Mwenyekiti, Mama Theodosia, akauliza kama kuna pingamizi. Mzee Otto wa kamati akasimama, akasema hana ugomvi na mwalimu huyo wa Tunduru, ila anayetaja sampuli isiyokuwepo leo, kesho atataja mmea usiokuwepo. Baadhi wakacheka. Ombi likakataliwa kwa kura arobaini, nami niliyekuwa naandika muhtasari nikaandika arobaini.

Dada, sampuli ilifika. Bakili, yule kondakta, aliniletea mkononi mwezi wa pili, imefungwa vizuri kwenye magazeti. Mvua zilikuwa zinanyesha, na wakati wa mvua magazeti hubadilishwa kila siku mpaka majani yakauke. Mimi nikaenda Mjimwema kwenye harusi ya Swalehe, nikakaa siku nne. Niliporudi ukungu ulikuwa umeyala majani yote, nikayatupa kabla hata sijayaandika kwenye daftari. Mhariri alipouliza, niliona aibu kusema nimeozesha kazi ya dada yangu, nikajibu haikupokelewa. Nilidhani utatuma nyingine, yaishe. Sikujua kwamba utamwita Bakili mwongo mbele ya watu stendi, wala kwamba utaacha kwenda porini. Nimekudhulumu, dada, na yeye nimemdhulumu. Usingizi nimeukosa, lakini hilo si la kukulilia wewe.

Juzi nilimweleza Mama Theodosia. Alinisikiliza hadi mwisho, akadai funguo za kabati, kisha akasema kosa lililosemwa mkutanoni husahihishwa mkutanoni, kwa hiyo mwakani nitasimama niliseme mwenyewe mbele ya wote. Makala yako itapokelewa tena ukipata sampuli nyingine. Mpelekee yeye, usinitumie mimi.

Nisalimie shemeji, na watoto waambie mjomba anawakumbuka. Kama hutataka kunijibu, nitaelewa.

Barua hii analeta Bakili, maana sikuona mwingine anayefaa. Alisita kuipokea. Siku hizi ana daftari lake, kila anayempa mzigo anasaini na kila anayepokea anasaini, naye anasema alianza baada ya yale ya stendi. Mimi nimesaini. Hajui kilichomo. Nawe ukishasaini, tafadhali usimwache aondoke kabla hujamsomea.

Mdogo wako,
Muhsini